Kabla Hujalipia Betri Nyingine, Angalia Kontrola

Shangazi yangu ana duka kwenye soko moja dogo la kaunti ya Kitui. Anauza unga, sukari na sabuni, na pia ni wakala wa pesa za simu. Stima haijafika pale, kwa hivyo kila kitu kinategemea sola: taa nne, tivi ya wateja wa jioni, chaja za simu ambazo watu huziacha wakienda shambani, na simu yake ya uwakala. Hiyo simu ikizima saa moja jioni, mtu aliyetumiwa pesa ya dawa anaambiwa arudi kesho. Nimewahi kuwa pale akimwambia mama mmoja hivyo, na haikuwa rahisi kutazama.

Mwaka jana zamu yake ya chama ilipofika, alinunua betri mpya ya asidi, 12V, 100Ah. Miezi minane baadaye ilikuwa inaisha hata kabla ya taarifa ya habari. Fundi wa sokoni akamwambia betri ilitoka kiwandani ikiwa mbovu, anunue nyingine. Shangazi akanipigia kuuliza kama kuna mahali anaweza kupata betri alipie pole pole kwa simu.

Nilikuwa nimeanza kumtafutia. Halafu rafiki yangu anayefunga sola Machakos akaniuliza, "Kwanza, anatumia kontrola gani?"

Sikujua. Mimi nilisomea masoko, mambo ya umeme nilikuwa nayasikia tu. Wikendi hiyo nikaenda, nikapanda kwenye stuli, nikakuta kidude cha plastiki chepesi kama sabuni ya kipande, kimeandikwa 10A, PWM. Alikilipia shilingi 900. Paneli ya juu ya paa ilikuwa ya wati 250. Tatizo lilikuwa hapo hapo kati ya hivyo viwili, na betri mpya ingekufa vile vile.

Kontrola ni kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri. Kazi yake ni kuhakikisha betri inajaa bila kupikwa, kuzuia moto usirudi kwenye paneli usiku, na kwa nyingi, kukata taa betri ikishuka sana. Betri ya asidi ya 12V hutaka kuchajiwa hadi karibu 14.4V, kisha ishikiliwe kwenye 13.6V hivi. Ikizidishwa, maji hukauka. Isipojaa siku baada ya siku, chumvi ya salfeti hujiganda kwenye sahani za risasi ndani yake na nafasi ya kuweka moto inapungua. Hii ya pili ndiyo iliyompata shangazi, na ndiyo watu wengi hawaishuku, kwa sababu taa zinawaka na kila kitu kinaonekana sawa mpaka siku betri inagoma.

Sasa hizo herufi. Kwenye boksi utaona PWM au MPPT. PWM huunganisha paneli na betri karibu moja kwa moja, kwa hivyo paneli inavutwa chini hadi volti za betri. Paneli ndogo zinazouzwa kama za 12V hufanya kazi kwa karibu 18V, hivyo hasara si kubwa. Lakini zile paneli kubwa za seli 60, kama ya shangazi, hufanya kazi kwa karibu 30V. Ukiiweka kwenye PWM na betri ya 12V, ni kama kulipia kitu cha mia nne na noti ya elfu, halafu mwenye duka abaki na chenji. MPPT hukurudishia chenji: huzigeuza zile volti za ziada kuwa ampea zinazoingia kwenye betri.

Tulipiga hesabu nyuma ya risiti ya unga. Paneli ile hutoa karibu ampea 8 tu, hata jua likiwa kali. Kwa PWM, saa tano za jua zuri ni kama 40Ah kwa siku. Taa, tivi na simu za wateja zilikuwa zinakula karibu 45Ah. Umeona? Kila siku alikuwa anatoa kuliko anavyoweka, na siku za mawingu hata usizitaje. Paneli hiyo hiyo kwenye MPPT ingeweza kutoa karibu ampea 18, yaani mara mbili na zaidi, bila kununua paneli nyingine.

Hii haimaanishi kila mtu akimbilie MPPT, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya PWM. Kama una paneli moja ya wati 50 au 100 ya 12V, betri ndogo na taa tatu, PWM nzuri inakutosha na sioni haja ya kuongeza pesa. Geuza paneli usome karatasi ya nyuma. Vmp ikiwa 17 au 18 na betri yako ni 12V, PWM ni sawa. Ikiwa 30 na kuendelea, lipia MPPT.

Kujua ukubwa ni rahisi: chukua wati za paneli, gawanya kwa volti za betri, ongeza kama robo. Shangazi: 250 gawanya kwa 12 ni 21, ukiongeza robo ni 26, kwa hivyo tulitafuta ya 30A. Angalia pia volti za juu ambazo kontrola inaweza kubeba, ulinganishe na Voc ya paneli. Paneli mbili zikifungwa kwa mfululizo, volti zinajumlishwa, na asubuhi ya baridi kama ya Limuru zinapanda zaidi ya zilizoandikwa. Acha nafasi.

Soko limejaa kontrola zilizoandikwa MPPT ambazo ndani ni PWM. Ya kweli huwa nzito kwa sababu ina koili ndani, na mgongoni ina chuma cha kupoza joto. Kama ni nyepesi na bei ni ya soda na mandazi, maandishi yale ni rangi tu. Kipimo cha uhakika ni hiki: mchana wa jua, betri ikiwa haijajaa, na paneli ni ya volti 30, fundi apime ampea zinazotoka kwenye paneli na zinazoingia kwenye betri. MPPT ya kweli huingiza nyingi zaidi kuliko zinazotoka. Zikilingana, umeuziwa jina.

Ndiyo maana kulipa kwa simu kunataka utulivu kidogo. Muuzaji wa mtandaoni akikwambia "tuma kwanza, mzigo uko njiani," na nambari ni ya mtu binafsi, kaa chini ufikirie. Lipia kwenye nambari ya till ya duka, na kabla hujathibitisha malipo soma jina linalotokea. Likiwa si la duka unalolijua, simama hapo. Ukishalipa, omba risiti iliyoandikwa modeli na nambari ya kontrola, na usifute meseji ya malipo: wakati wa waranti, ile tarehe na kodi ya muamala ndiyo ushahidi wako kwamba ulinunua lini na kwa nani. Shangazi alikuwa amefuta meseji zote za ile 10A ili simu "ipumue."

Kama sola yako ni ile ya kulipia kidogo kidogo kwa simu, mara nyingi kontrola iko ndani ya boksi lenyewe pamoja na betri. Hiyo usiifungue. Utapoteza waranti na bado utaendelea kudaiwa.

Siku ya kufunga, mpangilio una maana. Betri kwanza, ili kontrola isome kama ni 12V au 24V, kisha paneli, mwisho taa. Wakati wa kutoa, rudi kinyume: taa, paneli, betri. Weka fyuzi karibu na betri. Kisha chagua aina ya betri kwenye kontrola, kwa sababu ya maji, ya jeli na ya lithiamu hazichajiwi sawa. Fundi ukimwita, muulize leseni yake ya EPRA. Mwenye nayo hakasiriki.

Kulikuwa na kosa la pili dukani. Tivi ilitumia inveta iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Ndivyo inavyofungwa, kwa sababu hula moto mwingi kuliko kontrola inavyoweza kupitisha. Shida ni kwamba kontrola haiwezi kuizima, na inveta nyingi hungoja hadi karibu 10.5V, wakati betri ya asidi imeshakauka kabisa. Tukahamisha taa na chaja za simu zikae upande wa taa wa kontrola, na tukakubaliana kuhusu tivi: kioo kikionyesha 12.0, inazimwa, hata kama mechi iko dakika ya 80.

Betri mpya hatukununua mara moja. Tulinunua kontrola tu, tukaipa ile ya zamani wiki mbili. Haikurudi yote, lakini taa na simu ya uwakala zilianza kufika saa tatu usiku anapofunga. Tivi ilingoja zamu nyingine ya chama, na wateja wa jioni walinung'unika vya kutosha. Betri mpya ilipokuja, mnunuzi wa vyuma chakavu alifika kuchukua ile kuukuu na kumwonyesha meseji kwamba ametuma pesa. Shangazi akaiangalia, akamwambia, "Ngoja kwanza, baba, niulize salio langu."