Karoti Zote Zinaenda Soko, Mtoto Anabaki na Bukari

Bamama na babaa wa koperative, tuseme ukweli kati yetu. Kampemba mnalima lengalenga, karoti, tomati na boga. Asubuhi mapema mafungu yanatoka, yanaenda soko, na ni vizuri: franka za shule na za dawa zinatoka humo. Lakini saa sita, kwenye nyumba ya yule aliyelima, mtoto wa miaka miwili anakula nini? Bukari na mchuzi. Samaki iko kwenye sahani ya baba.

Si jambo dogo. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kwa 100 chini ya miaka 5 ni wafupi kuliko umri wao. Watoto hao, wengi tumbo lao linajaa kila siku. Bukari inajaza tumbo, lakini peke yake haijengi mifupa, damu wala macho.

Ndiyo maana tunaongea juu ya rangi. Rangi ya machungwa ya karoti, ya boga lililoiva, ya papai na embe, na ile nyekundu ya mafuta ya mawese, inatoka kwa kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A. Lengalenga, sombe na majani ya boga wanayo pia, kijani kinaificha tu. Vitamini hiyo inalinda macho na inasaidia mtoto kupigana na shurua na kuhara. Ile kapsuli wanayopewa watoto kila miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5, ni ya jambo hilohilo. Mpelekeni mtoto aipate, lakini haiondoi kazi ya sahani. Na bila mafuta kidogo mwili hauichukui vizuri: kijiko cha mawese au karanga zilizotwangwa kinatosha. (Rangi ya jus ya sashe ni rangi ya kiwanda. Hiyo hatuihesabu.)

Mama atajibu: "Huyu mutoto hapendake majani!" Tunajua. Mtoto anaogopa ladha mpya, anatema, na mama anasema basi. Anakata tamaa mapema mno. Mara nyingi mtoto anahitaji kuonja kitu mara 8 au 10, hata zaidi, kabla ya kukizoea. Kwa hiyo weka kidogo, kama ukubwa wa kidole gumba, bila kumgombeza wala kumshika kichwa. Kesho kutwa weka tena. Kula nawe mbele yake, maana mtoto akiona baba anasukuma majani pembeni, atasukuma naye. Kata lengalenga ndogondogo, usiipike mpaka iwe nyeusi, changanya na karanga za kutwanga, halafu finyanga pamoja na tonge. Mtoto aliyefika miezi 6 anaendelea na ziwa, na anaweza kupondewa boga lenye mawese kidogo. Karanga nzima usimpe, zinaweza kumkaba.

Njia nyingine ni kumpa tuta lake. Lengalenga ni nzuri kwa hilo, wiki tatu au nne tu inavunwa, mtoto hachoki kungoja. Karoti inakaa karibu miezi mitatu, hapo atakuwa amesahau. Mpe kopo la kumwagilia maji. Mboga aliyoipanda mwenyewe anaionja kwa urahisi zaidi.

Jambo moja linatusumbua, na hatuwezi kuliruka mji huu. Watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa mwaka 2009 matokeo ya mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti ilikuwa juu sana, na watoto waliwazidi wakubwa. Kuosha majani mara mbili tatu kwa maji safi kunaondoa vumbi, na vumbi ni sehemu kubwa ya shida. Ila kile mmea ulichonywa kutoka udongo hakioshwi. Msilime karibu na marundo ya taka za kiwanda, wala msimwagilie maji yanayotoka huko, hata kama kiwanja ni cha bure.

Kwenye mkutano wa koperative unaokuja, kila mwanachama aseme ni tuta gani haliuziwi. Wale wenye nafasi nyuma ya nyumba wapande papai sasa, mvua ikianza.