Magogo ya Bukini na Mihuri ya Bandari

Mwezi Mei 2014 wakuu wa Kenya walikamata katika bandari ya Mombasa makontena 34 yaliyosheheni magogo mekundu. Miti hiyo ilikatwa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Bukini, na mwisho wa safari yake ulikuwa Hong Kong. Lakini makontena yenyewe yalitokea hapa petu, Zanzibar. Kwa ajili hiyo hatuwezi kuizungumza misitu ya Madagaska kama habari ya mbali.

Mti unaotafutwa huitwa andramena kwa lugha ya huko. Ni wa ukoo mmoja na mpingo wetu, nao hutengenezwa samani za fahari zinazonunuliwa na matajiri wa China. Humea katika misitu ya mvua ya kaskazini mashariki, ikiwemo hifadhi za Masoala na Marojejy, ambazo mwaka 2007 ziliingizwa katika Urithi wa Dunia. Machi 2009 Rais Marc Ravalomanana aliondolewa, na Andry Rajoelina akashika madaraka kwa kuungwa mkono na jeshi. Misaada ya nje ikakatika, hazina ikakauka, na katika purukushani hiyo hifadhi zikavamiwa.

Gogo la andramena ni zito, halielei. Wakataji hulikokota kwa kamba na mabega mpaka mtoni, kisha huangusha miti mingine mepesi ili kulifungia chelezo. Kwa hiyo kila gogo linaloshuka na maji limekwisha kuua miti kadhaa isiyoandikwa katika daftari lolote. Anayefanya kazi hiyo ni mwanakijiji mwenye njaa, na ujira wake ni haba mno. Sisi hatumwiti mhujumu. Mhujumu yuko mjini, na silaha yake ni kalamu.

Tazameni kalamu hiyo ilivyofanya kazi. Kusafirisha magogo kulikuwa kumekwisha kukatazwa, lakini kila kimbunga kilipopita vilitolewa vibali vya kuuza miti iliyoangushwa na upepo. Na upepo wa vibali huvuma muda mrefu baada ya ule wa mbinguni kutulia. Septemba 2009 serikali ya mpito iliwaruhusu wafanyabiashara 13 kusafirisha makontena 25 kila mmoja, kwa malipo ya ariari milioni 72 kwa kontena. Hazina ikapata fedha, na mali ya wizi ikapata nasaba. Machi 2010 ilitolewa amri mpya ya kupiga marufuku. Julai ya mwaka huo UNESCO iliiweka misitu hiyo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikuitoa mpaka Julai 2025.

Mwaka 2013 andramena iliingizwa katika mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, Singapore ilikamata magogo 29,434, zaidi ya tani 3,000. Barua kutoka serikalini Madagaska zikaja kushuhudia kwamba vibali vilikuwa halali. Kesi ilivutana miaka mitano. Aprili 2019 Mahakama ya Rufaa ilimwachia huru mfanyabiashara na kampuni yake, kwa hoja kwamba shehena ilikuwa ikipita tu njiani, haikuingizwa nchini.

Ikipita tu njiani! Neno hili ndilo hasa tunalotaka maofisa wetu walitafakari, maana sisi nasi ni watu wa njia. Bandari yetu imeishi kwa kupitisha mali za wengine tangu zama za majahazi, na hilo si aibu. Aibu ni kugonga muhuri juu ya kitu ambacho hatukukifungua wala kuuliza kilikokatwa. Mwizi wa magogo hahitaji Zanzibar iwe na msitu wa andramena. Anahitaji karatasi safi tu.

Wala tusijifiche nyuma ya Muungano. Misitu si jambo la Muungano, na sheria yetu wenyewe ya misitu tunayo tangu mwaka 1996. Msitu wa Ngezi, Pemba, unamea mpapindi, mnazi wa mwituni usiopatikana penginepo duniani, ambao karibu jamaa zake wote wako Madagaska na Komoro. Wapemba wanajua gharama ya kuulinda msitu huo mdogo. Itakuwa vipi basi mlinzi wa Ngezi amkamate mwananchi mwenye mzigo wa kuni, na huku gatini kontena zima lipite kwa sahihi moja?

Tunaomba jambo jepesi. Kila shehena ya magogo inayobadilisha meli hapa ifunguliwe, na cheti cha CITES kithibitishwe na wakuu wa nchi ilikotoka miti, si na wakala aliyekileta. Na wananchi waelezwe makontena yale 34 yalipita mikononi mwa ofisa gani.