Masafa yanalipiwa mjini, yanalala kijijini

Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilinadi masafa ya redio, na kampuni nne za simu, Vodacom, Airtel, Tigo na Halotel, zikajifunga kulipa jumla ya dola milioni 187. Walichonunua hakishikiki: ni haki ya kurusha mawimbi bila jirani kuwaingilia.

Bei hufuata tabia ya wimbi. La megahezi 700 hufika mbali na kupenya kuta, kwa hiyo mnara mmoja huweza kuhudumia vijiji kadhaa. La megahezi 3,500 hubeba data nyingi lakini hufifia mapema, likafaa mjini penye minara mingi. Hizo 700 awali zilikuwa za televisheni. Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia 31 Desemba 2012, watu walilalamikia bei ya ving'amuzi. Lakini habari kubwa ya kibiashara ilikuwa nafasi iliyoachwa wazi hewani.

Kampuni iliyotoa mamilioni hujenga kwanza penye wanunuzi wa bando. Huko vijijini masafa yake hubaki kama kiwanja chenye hati kinachoota majani, na mwingine haruhusiwi kulima. Kwa maoni yangu hasara hii ni kubwa kuliko bei yoyote ya mnada.

Kugawana kunawezekana. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu yako pale Kariakoo: majina yamejaa, wengi wanatumia gigahezi 2.4, na hakuna aliyelipia leseni ya masafa hayo. Kila kifaa husikiliza kwanza. Kikikuta mwingine anarusha, husubiri sehemu ndogo ya sekunde, kisha hujaribu tena. Kasi hushuka, ila kazi inakwenda.

Nanyuki, Kenya, mradi wa Mawingu ulioanza 2013 kwa msaada wa Microsoft ulitumia chaneli za televisheni zisizo na kituo eneo hilo, mitambo ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Katika mfumo huo kifaa hutaja mahali kilipo, na hifadhidata hukijibu chaneli zipi ziko wazi. Teknolojia ilikubali, biashara ndiyo ngumu. Simu za kawaida hazipokei chaneli hizo, hivyo mteja hufikiwa kupitia Wi-Fi, na watengenezaji wa mitambo ni wachache mno kuweza kushusha bei.