Shahada Inayosomwa Baada ya Zamu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilipiga hesabu isiyopendeza. Wauguzi zaidi ya 20,000, wengi wao wakiwa ndio wanaoendesha zahanati na kushika zamu wodini, walikuwa na elimu ya ngazi ya cheti, na sasa walitakiwa kufika stashahada. Kwa nafasi za vyuo zilizokuwapo, kuwapandisha wote kungechukua zaidi ya miaka 100. Wa mwisho kwenye foleni angehitimu akiwa marehemu, hali ambayo huleta usumbufu katika kupanga zamu.

Mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture, likaja na njia nyingine: badala ya muuguzi kuacha kituo chake na kwenda bweni, masomo yamfuate alipo kwa kompyuta. Vituo vya kusomea vikafunguliwa sehemu mbalimbali za nchi, pamoja na zile ambazo barabara yenyewe ilikuwa bado haijazifikia vizuri. Lengo lilikuwa miaka mitano. Hesabu ya karne nzima ikageuzwa kuwa hesabu ya muhula, na kwa kweli lilikuwa wazo zuri. Maelfu wamepanda kupitia njia hiyo bila zahanati zao kufungwa.

Leo ngazi inayotafutwa si stashahada tena bali shahada, na kompyuta ya kituo imekuwa simu mkononi. Kilichobaki vilevile ni msingi wa hesabu: taifa linahitaji wauguzi waliosoma zaidi, haliwezi kuwakosa wodini hata wiki moja, kwa hiyo wasome wakiwa kazini. Katika hesabu hiyo kuna safu moja ambayo huachwa tupu. Ni ile ya saa.

Muuguzi wa zamu ya usiku anaingia saa moja jioni na kutoka saa moja asubuhi, akikabidhi wodi kwa wakati, jambo ambalo ni la kutamani tu. Shahada haikumwongezea saa kwenye siku. Kila sura anayosoma imetolewa mahali: kwenye usingizi kwanza, kisha kwa watoto, kisha kwenye harusi na matanga ambako ndugu watamkumbuka kwa kutokuwapo kwake. Vyuo hupenda kusema kwamba mwanafunzi atasoma kwa wakati wake mwenyewe. Ni kweli, maana wa mwajiri haukuguswa. Kazi za kozi nazo hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku, saa ambayo aliyeipanga bila shaka alikuwa amelala, na ambayo muuguzi anayepaswa kuituma yuko kitanda cha nne akibadilisha dripu.

Wanaofaulu katika maisha haya si lazima wawe wenye akili kuliko wenzao. Mara nyingi ni wale walio na wenzao. Sarafu inayotumika ni zamu: nishikie Jumamosi nina mtihani, nitakushikia Krismasi. Ratiba ya mwezi ikibandikwa ukutani, mwanafunzi anaisoma kwa makini kuliko kitabu chochote cha anatomia. Msimamizi wa wodi akiwa mwelewa, digrii inakwenda. Akiwa mtu wa kuona kwamba anayesoma anajitafutia ukubwa, kila mtihani utaangukia zamu. Kwa hiyo katika kila cheti cha namna hii kuna kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa, na ambao siku ya mahafali walikuwa wodini wakimshikia zamu mhitimu.

Wapo wanaodharau masomo haya wakisema uuguzi haufundishwi kwa kioo cha simu. Kwa anayeanza wako sahihi kabisa: hakuna aliyewahi kujifunza kuutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji kwa kutazama video. Lakini anayepanda ngazi haanzi. Ameshaona damu, ameshaona kifo, anajua dawa gani huisha stoo kabla ya mwezi kuisha. Anachokosa ni yale ambayo wodi haikumpa nafasi ya kuyakalia: takwimu, utafiti, uongozi, namna ya kuuliza kama jambo tunalolifanya kila siku linafaa. Haya yanasomeka kwa masafa bila hasara kubwa. Sehemu ya vitendo ndiyo hukwama, na wakati mwingine hukwama kwa kuchekesha. Mkunga aliyezalisha kwa miaka 15 hujikuta anamsaka mtu wa kumsainia kwamba ameonekana akizalisha.

Upo utaratibu mwingine unaomhusisha mwajiri. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza mafunzo ya juu ya uuguzi Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2001, kiliyapanga kwa wauguzi walio kazini, wagawe wiki kati ya darasa na wodi. Mpango wa namna hiyo hauendi bila mwajiri kukubali, mapema, kwamba kuna siku mtu wake hatakuwapo. Mtandao umemwondolea mwajiri hitaji hilo la kukubali. Muuguzi anaweza kumaliza shahada nzima bila hospitali kujua, na hospitali nyingi zinaridhika kutojua.

Marekani, ambako Wakenya na Watanzania wengi huanzia kwenye kuwahudumia wazee kisha wakapanda mpaka leseni ya uuguzi, mambo yamepangwa tofauti kidogo. Hospitali nyingi huko hupanga zamu tatu za saa 12 kwa wiki na kuzihesabu kuwa kazi kamili. Zinabaki siku nne, ingawa wengi wetu tunajua siku hizo huuzwa kwenye kazi ya pili kwa sababu nyumbani kuna karo ya mdogo mtu na bati la nyumba ya mama. Kwa miaka mingi sheria ya kodi imemruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kukatwa kodi, na hospitali zinazolipa mara nyingi hutaka muuguzi abaki nazo kwa muda fulani. Ni mkataba, na mkataba unaonekana: kila upande unajua unatoa nini. Jimbo la New York lilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2017 lina sheria inayowataka wauguzi wapya waliosajiliwa wawe wamepata shahada ndani ya miaka 10.

Hoja iliyosukuma mambo hayo ina chimbuko lake. Mwaka 2003 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichapisha matokeo kutoka hospitali 168 za Pennsylvania: palipokuwa na ongezeko la asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 5. Matokeo hayo yamenukuliwa kila mahali, hasa na wanaouza shahada. Yanayonukuliwa kwa haya zaidi ni ya mwaka mmoja kabla, ya mtafiti huyohuyo na katika hospitali za jimbo hilohilo: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi alikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kifo. Tafiti zote mbili zinazungumzia uhai wa mgonjwa. Tofauti ni kwamba dawa ya kwanza inaweza kununuliwa na muuguzi kwa mshahara wake, na ya pili lazima inunuliwe na mwajiri kwa kuajiri. Sioni haja ya kushangaa ni ipi iliyopata matangazo.

Karatasi ikishakuwa ndiyo inayotazamwa, hujitokeza wa kuiuza bila masomo. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa biashara ya vyeti bandia zaidi ya 7,600 kutoka shule za uuguzi za Florida. Wachunguzi waliuita uchunguzi wao Operesheni Nightingale, heshima ambayo Florence Nightingale hakuiomba. La kutisha zaidi kuliko idadi ya vyeti ni kwamba wanunuzi wapatao 2,400 waliufaulu mtihani wa leseni.

Anayekesha na moduli zake kwa haki ndiye anayeumizwa zaidi na habari hizo, kwa sababu baadaye atatiliwa shaka pamoja na wale walionunua. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya kwanza, swali la kama baraza la wauguzi la nchi yake linaitambua kozi hiyo lina uzito kuliko jina la chuo, na lapaswa kuulizwa kwa baraza lenyewe, si kwa afisa wa usajili wa chuo. Swali la pili ni la ofisi ya utumishi: nikimaliza, nitabadilishiwa ngazi lini? Tangu mwaka 2013 wauguzi wengi wa umma Kenya wako chini ya kaunti, na kaunti hubadilisha ngazi ya mtu pale bajeti inaporuhusu. Wako wanaomaliza shahada, wakapeleka nakala iliyothibitishwa na mwanasheria, wakapigiwa muhuri wa kupokelewa, na miaka ikapita wakilipwa kama wenye stashahada. Idara ya afya inapoandika ripoti ya mwaka juu ya elimu ya watumishi wake, hata hivyo, hao wameshahesabiwa kwenye safu ya wenye shahada.