Sentimita ya Tovuti Ina Urefu Gani?

Chukua rula ya mwanafunzi, fungua ukurasa wa tovuti ambao mtengenezaji wake ameuwekea kisanduku chenye upana wa sentimita 10, kisha kipime juu ya kioo. Kwenye laptopu ya inchi 15.6 yenye pikseli 1366 kwa upana, aina iliyojaa maofisini kwa miaka mingi, rula itasoma sentimita 9 na nusu hivi. Unganisha kompyuta na televisheni ya inchi 43 yenye pikseli 1920 kwa upana, na kisanduku hichohicho kitakaribia sentimita 19. Kirushe ukutani kwa projekta ya pikseli 1280, picha yote ikiwa na upana wa mita 2, nacho kitafika sentimita 59. Kwenye simu ya Android ya inchi 6.5 hutakiona chote. Kitapita ukingo wa kioo, na ukurasa utaanza kuyumba kushoto na kulia kila ukiugusa, kwa sababu simu nyingi za aina hiyo huupa ukurasa pikseli 360 tu kwa upana, na sentimita 10 za tovuti ni pikseli 378.

Vifaa hivyo vyote ni vizima, na kila kivinjari kimetii kanuni. Kanuni yenyewe inasema kwamba katika CSS, lugha inayoipa kurasa za tovuti sura na mpangilio, inchi moja ni pikseli 96 popote pale. Sentimita inapatikana kwa kugawa 96 kwa 2.54, yaani pikseli 37.8. Milimita ni sehemu ya kumi ya hapo, na pointi, kile kipimo cha wachapishaji ambacho 72 zake hufanya inchi moja, ni pikseli moja na theluthi. Vipimo hivi vimefungwa pamoja kama shilingi na senti zake: ukijua kimoja umevijua vyote. Ila kwenye kioo hakuna hata kimoja kilichofungwa kwenye rula.

Mambo hayakuanza hivyo. Håkon Wium Lie alipopendekeza CSS mwezi Oktoba 1994, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, na baadaye alipoijenga pamoja na Bert Bos hadi ikawa kiwango rasmi cha W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, Desemba 1996, vipimo vya karatasi viliingizwa vikiwa na maana yake ya kawaida. Inchi, sentimita, milimita, pointi na paika vilitoka katika viwanda vya uchapishaji, na matumaini yalikuwa kwamba kivinjari kitajua ukubwa wa kioo chake na kuchora urefu halisi. Baadaye iliongezwa hata robo ya milimita, inayoandikwa Q, ambayo asili yake ni wapangaji herufi wa Japani.

Tatizo ni kwamba kompyuta za wakati huo hazikuvijua vioo vyake. Kila mfumo ulikuwa na makisio yake. Macintosh ya 1984 ilitengenezwa kwa pikseli 72 katika inchi, ili pointi moja ya karatasi iwe sawasawa na pikseli moja ya kioo. Windows ilichukua 96. Maandishi ya pointi 12 yalichorwa kwa pikseli 12 upande mmoja na pikseli 16 upande wa pili, kwa hiyo ukurasa uliosomeka vizuri kwa wenye Windows ulikuwa na herufi za kukodolea macho kwa wenye Macintosh. Na kwa kuwa picha zilipimwa kwa pikseli huku maandishi yakipimwa kwa pointi, kichwa cha habari kilichokaa vizuri juu ya picha yake kwenye mashine moja kilimwagika nje ya picha kwenye nyingine.

Windows ilipotapakaa, watengenezaji wa tovuti wakazoea kudhani kwamba inchi ni pikseli 96. Kurasa zikaandikwa kwa dhana hiyo, na kivinjari kilichojaribu kuwa mkweli kwa kutumia kipimo halisi cha kioo kiliziharibu. Mwaka 2011, katika toleo la CSS 2.1, mazoea hayo yakawa sheria. Uwiano ni mmoja daima, na kifaa kinachagua pa kuufunga: ama kwenye inchi ya kweli, kama inavyofanya printa, ama kwenye pikseli, kama kinavyofanya kioo.

Nadhani waandishi wa kanuni walifanya uamuzi sahihi, na sababu yangu ni ile pikseli yenyewe. Pikseli ya CSS haimaanishi nukta ya taa iliyomo ndani ya kioo. Imeelezwa kwa pembe ya jicho: ni ukubwa ambao nukta ya kioo chenye nukta 96 kwa inchi ingeonekana kuwa nao ikitazamwa kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa, ambao kanuni inaukadiria kuwa inchi 28, sentimita 71 hivi. Kwa umbali huo pikseli ina milimita 0.26. Ukitazama kutoka mita 3.5, kama mtu aliye kwenye kochi mbele ya televisheni, pikseli inapaswa kuwa na milimita 1.3 ili jicho lipate picha ileile. Simu hushikwa karibu na uso, basi pikseli yake inaruhusiwa kuwa ndogo. Kwenye simu yetu ya inchi 6.5 ina milimita 0.19 hivi. Anayesoma habari hajali herufi ina milimita ngapi mradi inasomeka kutoka pale alipokaa, na hesabu ya pembe inamhudumia vizuri kuliko rula.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoziokoa tovuti vioo vilipobadilika. iPhone ya kwanza, 2007, ilikuwa na nukta 163 kwa inchi. iPhone 4 ya 2010 ikaja na 326 kwenye kioo cha ukubwa uleule. Kama pikseli ya tovuti ingekuwa nukta ya taa, kila ukurasa duniani ungesinyaa nusu kwa usiku mmoja. Kilichofanyika ni kwamba kila pikseli ya CSS ilichorwa kwa nukta nne, mbili kwa mbili, na herufi zikabaki na ukubwa wake huku zikipata ncha kali zaidi.

Kwenye karatasi, sentimita ni sentimita. Ukiandika kwamba ukurasa wa kuchapwa ni A4 wenye pambizo za sentimita 2, printa inaujua ukubwa wa karatasi yake, milimita 210 kwa 297, na inachora unachotaka. Cheti, lebo ya chupa ya dawa, tiketi, risiti ya karatasi ya milimita 80 au 58: hizi ziandikwe kwa milimita bila kusita, ndani ya kile kifungu cha CSS kinachotumika wakati wa kuchapa peke yake. Adui hapa ni kisanduku cha mipangilio kinachotokea kabla ya kuchapa. Programu nyingi huja zikidhani karatasi ni Letter ya Kimarekani, yenye upana wa milimita 215.9, wakati steshenari za huku kwetu zinauza A4. Hati iliyoandaliwa kwa Letter ikibanwa iingie kwenye A4, hupunguzwa hadi asilimia 97 hivi, na mstari wa sentimita 10 unatoka ukiwa na 9.7. Kwa barua haina madhara. Kwa karatasi ya lebo zilizokatwa tayari, hitilafu inakua kadiri unavyoteremka chini, na kufikia mstari wa mwisho jina la dawa limekalia mkato. Anayechapa aambiwe achague asilimia 100 na A4, na aambiwe kwenye ukurasa wenyewe.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la maandishi ya kioo kupimwa kwa pointi. Mtu amezoea Word, anajua pointi 12 ni saizi ya barua, basi anaihamishia kwenye tovuti. Herufi zitaonekana, kwa kuwa pointi 12 ni pikseli 16, saizi ya kawaida ya vivinjari. Anayeumia ni yule ambaye macho yake yamechoka, aliyeingia kwenye mipangilio ya kivinjari cha kompyuta yake na kuomba herufi za pikseli 20 au 24. Maandishi yaliyopimwa kwa pointi, sentimita au pikseli hayalisikii ombi hilo. Yaliyopimwa kwa rem yanalisikia, kwa sababu rem moja ni saizi ya msingi ya ukurasa, na mtengenezaji asipoigusa, hiyo ni ile aliyoichagua msomaji mwenyewe. Mzee aliyeomba herufi kubwa azipate. Kwangu hilo liko juu ya urembo wote wa ukurasa.

Vitufe navyo vina hesabu yake. Mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unaoshughulikia tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, unaweka kiwango cha chini cha pikseli 24 kwa 24, na, kwa daraja kali zaidi, 44 kwa 44. Kwenye simu yetu, pikseli 24 ni milimita 4 na nusu na pikseli 44 ni milimita 8 na kidogo. Weka kidole gumba chako juu ya kipimo cha kwanza na utaona kwa nini ninatumia cha pili.

Kuna kazi chache ambazo haziwezi kuridhika na pembe wala uwiano, kwa kuwa zinahitaji urefu wa kweli: rula ya kwenye kioo, kipimo cha pete, mchoro wa skrubu wa kulinganishia. Iliyo nzito kuliko zote ni chati ya kupimia macho.

Chati inayofahamika zaidi inatokana na kazi ya Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, mwaka 1862. Herufi ya mstari wa 6/6, ule ambao jicho zima linausoma kutoka mita 6, inapaswa kuchukua dakika 5 za pembe. Kwa umbali huo ina kimo cha milimita 8.73. Sasa mtu mwenye nia njema anatengeneza ukurasa wa tovuti ili shule isiyo na chati ipime wanafunzi, na anaandika kimo cha herufi kuwa milimita 8.73. Kwenye simu ya inchi 6.5 herufi itatoka na milimita 6.2, na mtoto mwenye macho mazima ataambiwa ana tatizo. Kwenye ile televisheni ya inchi 43 itakuwa na milimita 16, na mtoto ambaye kwenye chati ya ukutani angeishia mstari wa 6/9 ataisoma bila shida na kurudishwa darasani bila miwani. Mtengenezaji aliandika namba sahihi kabisa ya kitabu cha macho, na majibu yote mawili ni ya uongo.

Mbona kivinjari hakiulizi kifaa? Hilo limeshajaribiwa. Firefox iliwahi kuwa na kipimo chake, mozmm, kilichokusudiwa kuwa milimita ya rula, na ikakiondoa mwaka 2018. Vivinjari vingine havikukifuata, na taarifa ya kutegemewa haikuwepo. Vioo vya mezani huieleza kompyuta ukubwa wake, lakini si vyote husema kweli. Baadhi ya simu huripoti msongamano wa nukta uliokadiriwa na kiwanda, usiolingana na kioo kilichowekwa. Projekta haina cha kusema kabisa, kwa kuwa ukubwa wa picha unategemea ukuta uko mbali kiasi gani. Kuna pia suala la faragha: kila jambo la pekee ambalo tovuti inaweza kulijua kuhusu kifaa chako ni alama moja zaidi ya kukutambua usipotaka kutambuliwa.

Kwa hiyo mwenye kuhitaji milimita za kweli inabidi amwombe mtumiaji apime, na kwa bahati nzuri watu wengi wana kipimo cha kuaminika mfukoni. Kadi ya benki hutengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 7810, milimita 85.60 kwa 53.98. Ukurasa unaonyesha mstatili, mtumiaji analaza kadi juu ya kioo na kuuvuta mstatili hadi kingo zilingane. Kwenye simu aisimamishe kadi wima na kutumia upande mfupi, maana ule mrefu haupiti kwenye upana wa kioo. Kipimo hicho kinafaa kwa kifaa hicho tu, na kwa kiwango cha ukuzaji kilichokuwepo wakati wa kupima. Mtu akikuza ukurasa baadaye, au projekta ikisogezwa, kazi inaanza upya, na ukurasa wa kupimia macho unapaswa kugundua ukuzaji umebadilika na kukataa kuendelea hadi kadi irudishwe.

Kwenye simu yetu ya inchi 6.5, upande mfupi wa kadi utalingana na pikseli 286 hivi. Gawa kwa 53.98, unapata pikseli 5.3 kwa kila milimita ya kweli. Herufi ya milimita 8.73 basi inahitaji pikseli 46. Ukurasa ulioandikwa kwa milimita za CSS ungeipa 33.