Jenereta ipo lakini giza limetanda: Kagua swichi ya kubadilisha stima

STIMA ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) walijipata gizani. Jenereta iliyotegemewa ilikataa kuwaka.

Kisa hicho kiliacha funzo kwa hospitali, shule na hoteli: kuwa na jenereta si sawa na kuwa na umeme wa dharura. Aghalabu mtambo wenyewe huwa mzima, ila swichi inayopaswa kuuamsha haijarekebishwa wala kujaribiwa.

Swichi hiyo, ambayo mafundi huiita chenjiova ya otomatiki, huwa na kidhibiti kinachopima volti za gridi kila wakati. Stima ikipotea, kidhibiti huiamuru jenereta iwake, hungoja itulie, kisha huhamisha matumizi. Gridi ikirejea, huyarudisha na kuizima jenereta.

Marekebisho ya kwanza ni kiwango cha volti. Kwa stima ya volti 240, mafundi wengi huweka kidhibiti kiitishe jenereta volti zikishuka hadi asilimia 85, yaani 204, na kiikubali gridi tena zikifika asilimia 90, yaani 216. Panapo stima hafifu kila jioni, kiwango cha juu mno huifanya jenereta kuwaka ovyo na kumaliza dizeli. Kikishushwa kupita kiasi, friji na pampu zitaungua huku kidhibiti kikiona mambo ni shwari.

Pili ni muda. Sekunde moja hadi tatu za kungoja hutosha ili jenereta isiamshwe na stima inayopepesa tu. Hospitalini, ambako mgonjwa huenda yumo katika chumba cha upasuaji, matumizi muhimu yanafaa kuwa yamehamishwa ndani ya sekunde 10. Kurudi kwenye gridi hakuhitaji haraka: stima inaporejea huyumba, hivyo ni busara kungoja dakika tano hadi 30. Baadaye jenereta iachwe ingurume bila mzigo kwa takriban dakika tano ili ipoe.

Je, isipowaka? Anza na mambo madogo. Huenda fundi aliyeihudumia aliacha swichi ya kidhibiti kwenye sehemu ya kuwasha kwa mkono, au kitufe cha kuzima kwa dharura kimebanwa. Kisha pima betri. Ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban 12.6 ikiwa imetulia, lakini ipimwe pia injini inapopigwa stata. Zikiporomoka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au chaja yake haifanyi kazi.

Iwapo jenereta huwaka kwa kitufe chake lakini si stima inapopotea, kasoro i katika kidhibiti au nyaya zinazokiunganisha na jenereta. Ikinguruma lakini taa zisiwake, huenda swichi kuu ya jenereta imejizima, au injini ni nzito na haifikishi hezi 50 zinazohitajika.

Hata hivyo, si kila ukaidi ni kasoro. Penye stima ya fezi tatu, kidhibiti kinaweza kukataa kurudi kwenye gridi kwa sababu fezi moja haipo. Kukilazimisha ni kuziunguza mota.

Kadhalika, asithubutu mtu kuondoa kizuizi kinachohakikisha gridi na jenereta haviunganishwi kwa pamoja. Umeme ukirudi nyuma hadi kwenye transfoma, hupandishwa hadi maelfu ya volti na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akidhani nyaya zimezimwa. Kazi ya ndani ya swichi hiyo iachiwe fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Jambo ambalo kila mwenye jenereta anaweza kudai ni jaribio la kila mwezi. Kuiwasha kwa kitufe pekee hakutoshi. Fundi azime stima ya gridi kwenye swichi kuu, saa ambayo hakuna upasuaji wala mtihani, na jenereta ibebe matumizi kwa nusu saa. Kasoro ikijitokeza siku hiyo, kutakuwa na nafasi ya kuirekebisha. Usiku wa giza halisi hautoi nafasi hiyo.