Mpini Unaokula Wembe

Ukiufungua wembe wa kukunja uliotengenezwa Sheffield au Solingen miaka mia na ushei iliyopita, tazama kwanza kutu imeshika wapi. Kama ni madoa yaliyotapakaa huku na kule, huenda ni maji ya sabuni yaliyoachwa bila kufutwa. Lakini kama kutu inaanza na kuishia pale pale bapa linapolala ndani ya mpini, huku shina linalobaki nje likiwa bado safi, usiulaumu unyevu peke yake. Mpini ndio ulioula wembe.

Mipini mingi ya nyembe za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ni ya seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kwa pamba iliyolowekwa kwenye asidi ya nitriki na ya salfuriki, kisha ikachanganywa na kafuri. Ilipendwa kwa sababu iliweza kuiga vitu vya bei kubwa: gamba la kasa, pembe ya ng'ombe iliyosuguliwa, na zaidi ya yote pembe za ndovu, ambazo Zanzibar ya wakati huo ilikuwa soko lake kuu upande huu wa Afrika na ambazo mafundi wa visu wa Sheffield walizitumia kwa wingi mno. Seluloidi, hata hivyo, haitulii. Miaka inavyokwenda huachia gesi za oksidi za nitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu wa hewa hugeuka asidi ya nitriki, na asidi huharakisha kuoza kwa mpini, ambao nao hutoa gesi zaidi. Wembe umelala katikati ya yote hayo. Hata nyembe nyingine zilizofungiwa kwenye sanduku hilohilo huanza kushika kutu.

Kwa hiyo kazi ya kufufua wembe wa namna hiyo huanzia kwenye mpini. Fundi hukwangua kichwa cha kila ribiti kwa tupa ndogo, huisukuma itoke, na hutenga seluloidi mbali na moto, maana hushika haraka sana. Akikuta kikabari kizito cha rangi ya kijivu kwenye ncha ya mpini, ajue ni risasi: asiipige msasa mkavu, na anawe mikono kabla ya kula.

Chuma kilichobaki mkononi kinastahili uangalifu huo. Katika miaka ya 1740, Benjamin Huntsman, mtengeneza saa aliyehamia karibu na Sheffield, alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hadi kikawa majimaji kabisa, takataka zikatoka na kaboni ikasambaa sawasawa. Chuma cha wembe kina kaboni kiasi cha asilimia 1 hivi au zaidi kidogo, ndiyo maana kinapokea makali makubwa, na ndiyo maana kinashika kutu upesi. Chuma kisichoshika kutu alikitengeneza Harry Brearley mjini humohumo mwaka 1913. Wembe uliotangulia mwaka huo haukuwa na kinga hiyo. Umri unaweza kukadiriwa kwa mhuri wa kwenye shina. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za nje ziandikwe jina la nchi, kwa hiyo neno ENGLAND au GERMANY kwa kawaida huashiria wembe wa baada ya hapo.

Sasa kutu yenyewe. Ile nyekundu ni oksidi ya chuma yenye maji ndani yake, imefura kuliko chuma ilichokila, haijashikamana, na inapitisha unyevu, kwa hiyo inaendelea kula chini kwa chini. Hiyo lazima itoke. Ile nyeusi iliyogandamana na bapa mara nyingi imetulia. Ukiisugua kidogo kwa mafuta na isipoachia unga mwekundu, iache. Najua wapo wanaotaka wembe ung'ae kama kioo, nao husaga bapa lote hadi vishimo vyote vilivyoachwa na kutu vimalizike. Mimi naona hiyo ni hasara. Bapa la wembe limechimbwa pande zote mbili likawa jembamba sana karibu na makali, na kila kishimo unachokifuta kinaondoka na chuma cha pande zote kilichokizunguka. Mhuri wa fundi aliyeutengeneza nao hufifia. Vishimo vya bapani havizuii kunyoa hata kidogo.

Vishimo vya kuhofia ni vile vya kwenye makali. Chukua kioo cha kukuza mara kumi, uelekeze mwanga pembeni, ufuate ukingo taratibu kutoka kisigino hadi ncha. Kishimo kilicho milimita moja juu ya ukingo leo hakina neno, lakini kunoa kutasogeza ukingo kuelekea kwake, na siku ukifika kitakuwa pengo. Penye pengo ngozi hukwaruzwa. Kama vishimo vya namna hiyo vimejipanga mfululizo, wembe huo ubaki wa kutazamwa tu.

Msasa uwe wa mkono, wenye maji au mafuta. Jiwe la umeme ndilo lililoua nyembe nyingi kuliko kutu. Chuma hiki kilipashwa moto hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kikazimwa ghafla kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena kwa nyuzi 200 hivi ili kisivunjike ovyo. Ukikipasha zaidi ya hapo, ugumu unaanza kupungua. Ukingo ni mwembamba kiasi kwamba joto la jiwe halina pa kwenda. Sekunde chache tu na unaona rangi ya manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha buluu, na buluu maana yake umeshakaribia nyuzi 300. Kuuchovya kwenye maji wakati huo hakurudishi kitu. Kuuzima upya nako kunahitaji tanuru, na bapa jembamba hivyo hujipinda kirahisi.

Kwa mpini mpya mti ni chaguo zuri, lakini si mti wowote. Mwaloni, kwa mfano, hutoa asidi ya asetiki na una tanini nyingi. Kuuweka wembe ndani yake ni kurudia kosa la seluloidi kwa sura nyingine. Mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon, mti wa kitaifa wa Tanzania, ni bora. Ni mzito hata huzama majini, kila sentimita ya ujazo ikiwa na gramu 1.2 au zaidi, una mafuta yake wenyewe, na hautanuki sana hali ya hewa inapobadilika. Sifa hizohizo ndizo zinazoupeleka kwenye zumari za Ulaya. Hukua polepole, magogo yake yamejaa nyufa na mikunjo, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Mpini wa wembe hauhitaji gogo. Masalio ya karakana ya mchonga vinyago yanatosha. Vaa tu barakoa, kwani vumbi la mpingo huwasha ngozi na mapafu.

Mbao mbili nyembamba za milimita 3 hivi hubandikwa pamoja kwa muda, zikachongwa na kutobolewa zikiwa bado zimeshikana, ili matundu yalingane. Zikiachana, pande zote mbili hupakwa mafuta ya kitani, ndani na nje, la sivyo upande mmoja utanyonya unyevu na mbao zitapinda. Mafuta haya hukauka kwa kushika oksijeni na kutoa joto, kwa hiyo tambara lililolowa likikunjwa na kutupwa pembeni linaweza kuwaka lenyewe. Litandaze likauke, au lizamishe majini.

Kufunga ribiti ndiko kunakopima mkono. Kijiti cha shaba ya njano cha milimita 1.6 hupitishwa kwenye mbao na shina, kikakatwa kikabakiza nje kama nusu milimita kila upande, juu ya kijiduara chake. Kinawekwa kwenye fuawe, kinagongwa kwa nyundo nyepesi kuzunguka ukingo wa kichwa, pigo kidogo, zungusha, pigo kidogo, geuza upande wa pili. Kila baada ya mapigo machache fungua na kufunga wembe usikie unavyokaza. Ribiti iliyolegea inaweza kuongezwa pigo. Iliyokaza kupita kiasi hupasua mti, na dawa yake ni kuikata na kuanza upya.

Kunoa kunabebwa na jiometri. Wembe hulazwa juu ya kinoo ukigusa kwa mgongo na makali kwa pamoja, kwa hiyo mgongo ndio unaopanga pembe. Mgongo wa milimita 5 na upana wa milimita 18 hutoa nyuzi 16 hivi. Huanzwa na jiwe la namba 1000, hupandishwa hadi 8000 au 12000, ambako chembe ni za takribani mikroni moja, kisha hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi.

Na bado nywele zitayashinda makali hayo. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science kwamba nywele, zilizo laini kama mara hamsini kuliko chuma, humegua ukingo zinapojikunja mbele ya wembe, hasa pale muundo wa ndani wa chuma usipolingana sawasawa.

Kama nyumbani kwenu kuna wembe wa babu uliowekwa sandukuni, utoe leo. Mpini ukiwa wa seluloidi, utenge na vyuma vingine. Futa wembe, ukaushe, uupake mafuta mepesi. Ukitaka kuunyolea, usafishe kwa dawa ya kuua vijidudu na usiutumie pamoja na mtu mwingine, maana virusi vya homa ya ini B huishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Na fundi akikuambia ataumaliza kwa dakika tano kwenye jiwe la umeme, rudi nao nyumbani.